Mkatuachia Nyati

Lori lilishindwa kupanda kilima cha mwisho, kwa hiyo nyati aliteremshwa barabarani akaletwa kwa miguu. Ludia alikuwa uani akianua kahawa aliposikia kelele za watoto, kisha za watu wazima, na hatimaye akamwona mnyama mwenyewe akichomoza kwenye kona ya mianzi: uso mweupe kama aliyepakwa unga, mwili una mabaka meusi na ya waridi, macho ya buluu yanayotazama watu kwa dharau. Mbele yake, ameshika kamba ya puani, alitembea Marthen, mdogo wake Ludia, kavaa miwani ya jua na buti za mgodini, anacheka meno yote nje.

"Dada! Mama Elpi! Njoo uone! Tangu kijiji hiki kiwe kijiji, kuna mtu wa upande wetu amewahi kumfunga huyu uani kwake?"

Ludia hakuacha kuanua. "Anakula nini huyo?"

"Nani?"

"Huyo nyati wako. Maana naona ameshakula ada ya Elpi."

Watu waliosindikiza msafara wakacheka. Marthen naye akajaribu kucheka, lakini kicheko kikamfia mdomoni. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Usianze, Dada. Watu wanatazama."

"Si ndicho ulichomletea? Ili watazame? Basi waache watazame, na waache wasikie."

Marthen akageuka akawaita vijana wamletee mnyama majani. Ludia akabeba ungo wake akaingia ndani, kwa haraka hadi buni zikamwagika sakafuni.

Mama yao alikuwa amelala chumba cha nyuma, ndani ya jeneza, mwili umetiwa dawa usioze. Alifariki mwaka juzi, lakini kwa desturi ya kwao nyumbani hakuna aliyesema amefariki. Alikuwa mgonjwa, na angeendelea kuwa mgonjwa mpaka siku nyati wa kwanza atakapoanguka uwanjani. Kila asubuhi Ludia alimpelekea kahawa, akamweleza habari za kijiji. Mchana ule alikaa karibu na jeneza, akafuta vumbi kwa kanga ya Mama mwenyewe.

"Mama, mwanao amekuletea nyati wa madoa," alisema. "Bei yake mtu anajenga nyumba ya tofali na kuezeka. Ungekuwa na miguu ungemfukuza wewe mwenyewe."

Ada ile haikuwa ya Ludia peke yake. Mama ndiye aliyeianzisha. Siku moja alipelekwa zahanati ya wilaya na presha, akahudumiwa na muuguzi, binti mdogo wa kijiji cha jirani, ambaye alimwita "Bibi" na kumshika mkono mpaka dawa ya dripu ikashuka yote. Tangu siku hiyo Mama hakuwa na wimbo mwingine: mjukuu wake Elpi, binti wa Ludia, atakuwa muuguzi. Kila msimu wa kahawa walichuma wao wawili, wakamenya, wakaanika, wakauza, na pesa ikaenda moja kwa moja ushirika wa akiba wa kanisa. Ludia alikuwa mjane. Hakuwa na mtu wa kumsaidia wala mtu wa kumnywea pesa. Mama alipofariki, pesa ya chuo cha uuguzi cha mjini Makassar ilikuwa imetimia.

Hapo ndipo simu za Marthen kutoka Papua zilipoanza. Yeye alikuwa dereva wa mitambo mikubwa mgodini huko, na mshahara wake ulikuwa mzuri. Alitaka mazishi ya maana. Akasema zake hazitoshi, dada naye aongeze. Ludia alikataa. Shangazi wakapanda mlima kuja kumsema, mmoja mmoja, kila mmoja na maneno yale yale: binti anaweza kusoma mwakani, mama hazikwi mara mbili. Wakamsema kanisani, wakamsema sokoni, mpaka Elpi mwenyewe akasema, "Mama, wape tu. Nitangoja." Ludia akawapa, akidhani ni kwa ajili ya nyati weusi wa kawaida na mchele wa wageni. Hakuna aliyemwambia habari ya nyati wa madoa.

Na kwa nini nyati wa madoa? Ludia alilijua jibu, na kulijua ndiko kulikomtia uchungu zaidi.

Katika milima ile watu waligawanywa kwa vigingi, ndivyo tabaka za kuzaliwa zilivyoitwa. Kulikuwa na waliozaliwa vigingi vya dhahabu, na wa chuma, na chini kabisa kulikuwa na wa matete, wazao wa watumwa. Kina Ludia walikuwa matete. Bibi yao alizaliwa nyumbani kwa kina Palinggi, watu wa dhahabu, akachota maji ya kina Palinggi, akapepeta mpunga wa kina Palinggi, na alipokufa akazikwa kwa nguruwe mmoja. Si kwamba wanawe walishindwa kutafuta wa pili. Wa pili asingeruhusiwa. Nyati walikuwa na wenyewe, na wa madoa zaidi ya wote. Baba yao alipokufa, mambo yalikuwa yamelegea kidogo. Wakaruhusiwa nyati mmoja mweusi, na paja la huyo mmoja likapelekwa kwa Mwinyi Palinggi kabla watoto wa marehemu hawajaonja hata mchuzi. Marthen alikuwa mdogo siku hiyo. Alisimama na sahani yake ya bati, akaliangalia lile paja likibebwa mabegani kwenda nyumba ya juu, na hakusema neno mpaka jioni.

Siku hizi serikali inasema watu wote ni sawa, na mchungaji naye husema hivyo hivyo. Lakini ukifika uwanja wa mazishi, usawa unaishia langoni. Mwita majina hupanda juu ya dungu, jukwaa refu la mianzi, akatangaza nyati huyu ni wa nyumba gani, na pande hili la nyama linakwenda kwa nani, kisha analirusha chini mbele ya umati. Kilichotajwa pale hakifutiki. Wajukuu wataulizana, na wazee watajibu: siku ile dunguni liliitwa jina fulani.

Marthen alitaka liitwe jina la mama yake. Hilo tu. Kwa hilo alikuwa tayari kuvuja jasho mgodini miaka, na kumvujisha jasho dada yake pia.

Siku mbili tatu baadaye Mwinyi Palinggi aliteremka kuja kumwona mgonjwa. Alikuwa mzee mwembamba, mkaguzi wa shule mstaafu, suruali imepigwa pasi, sauti haipandi hata siku moja. Alikaa kwenye jukwaa la ghala la mpunga, akapokea kahawa kwa mikono miwili, akamsifu nyati.

"Mnyama mzuri," alisema. "Mzuri sana. Sisi siku hizi hatununui tena wa namna hii. Zama zimebadilika."

Ni kweli hawakununua. Mama yake mwenyewe Palinggi alipozikwa, miaka michache nyuma, walichinja nyati wachache tu, wote weusi, na Jumapili iliyofuata mchungaji akamsifu madhabahuni kwa unyenyekevu wake. Ludia alikuwa amekaa benchi la nyuma, akasikiliza, akauma ulimi. Mwinyi akichinja wachache huitwa mnyenyekevu. Wao wakichinja wachache huitwa matete.

"Mwinyi, kuhusu uwanja," Marthen alisema, amekaa chini kwenye mkeka ingawa jukwaani kulikuwa na nafasi. "Wazee wanasema bila baraka yako hawatasimamisha dungu."

"Hilo tutaongea," alijibu mzee. "Mimi sina kinyongo. Tutembee kidogo."

Wakatembea wawili mpaka kwenye majaruba, wakasimama huko muda mrefu. Marthen aliporudi alikuwa amechangamka, lakini hakumtazama dada yake machoni. Akasema mambo yote yamekwenda sawa, dungu litasimama. Ludia alimuuliza mzee ametaka nini. Marthen akasema hakutaka kitu.

Ukweli aliuleta Semuel, bila kukusudia. Semuel alikuwa dereva wa bodaboda siku za kawaida, na siku za mazishi ndiye mwita majina, kwa sababu sauti yake ilikuwa inafika ng'ambo ya bonde. Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku chache wageni waanze kuwasili, alikuja jikoni kwa Ludia kunywa kahawa na kufanya mazoezi. Alikuwa mtu wa mzaha, akiita majina huku amenyanyua mwiko kama kipaza sauti.

"Nyati mweusi, mkubwa wa pembe, wa Marthen, mwana wa mgonjwa! Nyati mweusi wa shangazi Bertha, ambaye akiomba chumvi harudishi!" Wanawake wapishi wakaangua kicheko. "Nyati wa madoa, macho ya anga, wa nyumba ya Palinggi..."

"Rudia," alisema Ludia.

"Shangazi Bertha asisikie lakini, ni utani..."

"Si huyo. Wa madoa. Umesema wa nani?"

Semuel akashusha mwiko. Aliangalia mlango, akaangalia wapishi, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Mama Elpi, mimi nilidhani mnajua. Marthen ndiye aliyenipa maneno. Eti mgonjwa alizaliwa kwa watu wa nyumba ile, kwa hiyo nyati mkubwa anachinjwa kwa jina la nyumba ile. Nyie mmenunua, wao wanatajwa. Ndivyo walivyokubaliana, dungu lisimame." Akaongeza haraka, "Mimi naita tu. Nikiambiwa niite paka, naita paka."

Ludia aliosha mikono, akaikausha vizuri kidole kwa kidole, akatoka.

Marthen alikuwa nyuma ya nyumba akipima mianzi ya mabanda ya wageni. Alipomwona dada yake anakuja alijua.

"Semuel ana mdomo kama debe," alisema.

"Umemuuza Mama."

"Sikumuuza mtu."

"Umemuuza, na mbaya zaidi umelipa wewe. Mtu akiuza anapata chake. Wewe umetoa pesa yako, ukatoa ya Elpi, ukampa Palinggi nyati na jina juu yake! Mjinga gani anafanya biashara hiyo?"

"Unadhani nilikuwa na njia nyingine?" Marthen alitupa panga chini. "Wazee wangegoma. Pasingekuwa na dungu, wala uwanja, wala mtu wa kuita. Ningechinja nyuma ya choo kama mwizi? Watu wote wanajua nyati ni wangu. Wamemwona nikimleta!"

"Watajua leo. Kesho kitakachokumbukwa ni kilichotajwa. Wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana hukuniambia."

"Wewe hukuwepo siku wanabeba lile paja la Baba."

"Nilikuwepo! Nilikuwa nimekushika mkono, pumbavu wewe! Na sasa unakwenda kuwapa nyati mzima, na ngozi yake."

Marthen alikuwa analia, na kwa kuwa alikuwa analia alizidi kukasirika. "Nimefanya kazi shimoni miaka kumi. Nimekula vumbi. Nataka siku moja, moja tu, wakubwa wa kijiji hiki wakae kwenye banda nililojenga mimi, wale chakula changu. Hilo nalo ni kosa?"

"Watakaa, watakula, wataondoka wanacheka."

"Basi wacheke. Maneno yamekwisha. Mimi ndiye mwanaume."

Ludia alimwacha hapo, akapanda njia ya nyumba ya juu bila kubadilisha nguo, maganda ya kahawa yamemgandia kwenye kanga.

Nyumbani kwa Mwinyi Palinggi kulikuwa na gari jipya limeegeshwa chini ya paa la nyumba ya ukoo, lile paa refu lililopinda juu kama pembe. Pembe zenyewe za nyati wa zamani zilikuwa zimepangwa kwenye nguzo ya mbele, safu kwa safu mpaka juu, za mazishi ya mababu. Ludia hakuona pembe mpya hata moja. Mzee alikuwa barazani na binti yake Alfrida, daktari wa Makassar, aliyekuwa amekuja kumchukua baba yake akamwone mjukuu anavyoanza shule. Shule yenyewe, Alfrida alikuwa akieleza, ina walimu wa kutoka nje na bwawa la kuogelea.

"Mama Elpi, karibu," alisema mzee. "Unywe chai."

"Sikuja kunywa chai, Mwinyi. Nimekuja kuuliza. Nyati ninayemlisha mimi majani asubuhi na jioni, ataitwaje wa kwako?"

Alfrida akamtazama baba yake. Inaonekana hakuwa na habari. Mzee akaweka kikombe chini polepole.

"Mdogo wako alikuja kwangu akitaka uwanja. Nilimweleza utaratibu. Mimi sikumwambia anunue nyati, na sikumwambia akubali. Ukitaka kukasirika, usikosee nyumba."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Alfrida, aliyekuwa na moyo mwema, akaona nafasi ya kutuliza mambo.

"Dada Ludia, kwa kweli mimi naona vibaya pesa zote hizi kumwagika uwanjani," alisema. "Sisi nyumbani tulishaamua. Tulichinja kidogo kwa Bibi, tukaona heri tusomeshe watoto. Nyinyi nanyi mngefanya hivyo. Yule binti yako, Elpi, si alitaka uuguzi? Mngetumia pesa hiyo kwa..."

"Nyamaza, daktari."

Alfrida akakodoa macho.

"Niache niseme, kisha nitakwenda. Mlipokuwa mnachinja, mlitukataza kuchinja. Mlikuwa na pesa za nyati ishirini, na sisi tulikuwa tunakwenda porini kutafuta viazi vya mwitu ili tuwapikie wageni wenu. Tukaambiwa mtu ni nyati zake. Asiye na nyati si mtu. Tukaamini! Baba yangu aliamini, mdogo wangu ameamini mpaka amekwenda kujizika shimoni Papua akiwa hai ili awe mtu. Na nyinyi mlipoona tunakaribia, mkaondoka. Kimya kimya. Mkapeleka pesa zenu Makassar, mkaweka kwenye shule, na magari, na viwanja. Mkaanza kusomesha, mkatuachia nyati! Sasa sisi tunamwaga damu uwanjani, nyinyi mnasema tunapoteza pesa. Na bado, hata hizo tunazopoteza, mnataka ziitwe zenu?"

"Punguza sauti," alisema mzee, kwa upole wake ule ule.

"Sauti hii ndiyo kitu pekee ambacho hamjaniambia nipige hodi kwenu kabla sijakitumia."

Mzee akainua kikombe chake akanywa. "Dungu litasimama kama tulivyokubaliana na Marthen," alisema. "Au halitasimama."

Ludia akateremka. Njiani akakaa kwenye jiwe, akalia kwa hasira, kilio kisicho na machozi, mkono umefinya majani mpaka yakatoa maji. Alipoinuka alikuwa ameamua.

Asubuhi yake, jua likiwa tayari juu ya ukingo wa bonde, alimfungua nyati wa madoa. Mtu aliyeajiriwa kumlinda alimuuliza anampeleka wapi. Akasema anakwenda kumwogesha. Si uongo kabisa. Alimpitisha mtoni, akamsugua tope mgongoni, mnyama akatulia akipumua kwa raha. Kisha badala ya kurudi juu akashika barabara ya soko la nyati.

Ulikuwa mwendo mrefu, na kila nyumba waliyopita watu walitoka kutazama. "Mama Elpi, unamtembeza bwana harusi?" alipiga kelele mmoja. "Ndiyo," alijibu, "namrudisha kwao, mahari imenishinda!" Walicheka, na yeye akaendelea kutembea, uso umekaza. Ndani ya kicheko chao alijua kwamba kabla ya saa sita habari itakuwa imefika kwa Marthen.

Haji Baco, mchuuzi wa kabila la Wabugis wa pwani, aliyemuuzia Marthen, alikuwa amekaa chini ya turubai lake akivuta sigara ya karafuu. Alimtambua mnyama kabla ya mtu.

"Huyu hakuenda mazishini?" aliuliza.

"Mazishi yamempenda kupita kiasi. Namuuza, Haji."

"Nilimuuzia mwanaume."

"Ulichukua pesa, na pesa yangu imo humo, na anayezikwa ni mama yangu. Unamtaka au nimpeleke kwa yule wa pale?"

Haji akamzunguka nyati, akamfungua mdomo, akatazama kwato, akataja bei iliyopungua kiasi cha kumwuma mtu tumbo. Ludia alimtukana. Haji akacheka, akapandisha kidogo. Ludia akashika kamba kama anayeondoka. Haji akapandisha tena, akasema hapo ni mwisho, hata kama marehemu mwenyewe atakuja kuongea naye. Ludia akampa akaunti ya ushirika wa kanisa, akampigia simu mhasibu, akangoja mpaka akaambiwa imeingia. Ndipo akaachia kamba.

Marthen alifika juu ya bodaboda ya Semuel, akaruka kabla haijasimama. Alimwona nyati amefungwa kwenye kigingi cha Haji, akaelewa. Akamjia dada yake akamtandika kofi mbele ya soko zima.

Ludia alikuwa na kipande cha kamba mkononi. Alimchapa nacho usoni, na begani, na usoni tena, mpaka Semuel na Haji wakaingia kati.

"Hilo la usoni ni la Mama!" alikuwa anapiga kelele. "Na hili ni la Elpi! Nipige tena uone! Nipige mbele ya watu, mwanaume!"

"Umenivua nguo!" Marthen alisema, damu inamtoka mdomoni. "Umenivua nguo mbele ya Palinggi! Atasema nilijua tu, matete ni matete, hawana uwezo!"

"Aseme! Kwani asiposema anafikiria nini?"

"Sina dada," alisema Marthen. Akarudi kupanda bodaboda. Semuel alimwangalia Ludia, akataka kusema jambo la kuchekesha kama kawaida yake, akakosa.

Ludia alipitia ushirika. Pesa ya Elpi aliitoa yote, bila kupungua, akaiandikisha kwa jina la binti yake mwenyewe ili pasiwe na mtu wa kuisemea. Zilizobaki alimwachia Marthen, na hasara yote ikawa ya Marthen. Hakuona huruma. Baadaye usiku kitandani aliiona, lakini hakuisema kwa mtu.

Palinggi alitimiza neno lake. Wazee wakagoma, dungu la uwanja mkubwa halikusimamishwa, na Marthen, ambaye hakuwa tena na la kupoteza, akajenga dungu dogo kwa mianzi yake mwenyewe uani pa mama yake. Alikuwa anapiga misumari bila kuongea na mtu. Nyati weusi walikuwepo, wa kwake na wa jamaa. Wageni wa matete walikuja wote, kutoka mabonde ya mbali, wengine Ludia hakuwajua; habari ya sokoni ilikuwa imewafikia nao walitaka kumwona. Mabanda ya wakubwa yalikaa matupu, mikeka imetandikwa, sigara zimepangwa. Palinggi mwenyewe hakuja. Alikwenda Makassar na binti yake. Alimtuma tu mtu mmoja na kapu, kwa ajili ya fungu la nyumba yake, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mama akaitwa marehemu kwa mara ya kwanza. Ludia alipomsikia mchungaji akilitamka neno hilo alihisi kama amepokea habari siku ile ile.

Semuel akapanda dunguni. Sauti yake ilianza chini, akakohoa, ikapanda. Akawaita nyati mmoja mmoja kwa wenyewe. Kisha ikaja nyama, na pande la kwanza, paja, lenye damu inayodondoka, akalinyanyua kwa mikono miwili. Macho yakamtoka. Kwa mazoea ya maisha yake yote, mdomo wake ukaita:

"La nyumba ya Palinggi!"

Likaanguka chini na kishindo. Mtu wa kapu akasogea kulichukua. Ludia alitoka jikoni mbio, mikono mitupu, akaweka mguu juu ya nyama.

"Hili ni la wapishi," alisema.

"Mama Elpi, limeshaitwa," alisema yule mtu.

"Limeitwa vibaya."

Mchungaji akachezea miwani yake. Shangazi Bertha akaanza, "Ludia, mwanangu, leo siku ya mama yako..." Ludia hakumtazama. Alikuwa anamtazama Marthen, aliyesimama chini ya dungu na kovu jipya la kamba shavuni. Marthen hakusogea. Hakumsaidia, lakini hakumzuia. Kisha Marthen akainua uso kwa Semuel.

"Ita tena," alisema.

"La wapishi!" Semuel alipaza sauti, na safari hii ng'ambo ya bonde walisikia. "La wanawake wa jikoni! La Mama Elpi!"

Ludia alilibeba begani mwenyewe, damu ikamchuruzika mgongoni, akaingia nalo jikoni. Wanawake hawakushangilia. Walilitazama, wakatazamana, kisha mmoja akachukua kisu, akaanza kulikata.

Marthen aliondoka siku iliyofuata bila kumuaga. Hakupiga simu Krismasi, wala Pasaka. Kijijini watu waligawanyika: wengine walisema Ludia amemwaibisha mama yake, wengine walisema amemheshimu, na pande zote mbili zilinunua kahawa kwake. Wajukuu wa Palinggi walikuja likizo na kuondoka. Kilimani, ukoo mwingine wa matete ulianza kuweka akiba ya nyati wa madoa, na Ludia aliposikia alipanda huko kwa miguu kuwasema. Walimfukuza.

Elpi alikuwa mwaka wake wa pili chuoni alipoteleza ulimi kwenye simu. Alisema pango la chumba si tatizo, Mjomba huleta kila mwezi.

"Mjomba gani?"

"Mjomba Marthen. Tangu mwaka jana. Alisema nisikuambie."

Ludia alikata simu. Alisimama katikati ya uani. Mwaka mzima! Analipa pango la mtoto wake, na kwake yeye, dada yake wa tumbo moja, hana hata salamu. Alimpigia Papua. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, midomo inacheza, akipanga matusi atakayoanza nayo. Haikupokewa. Akafuta jasho la kiganja kwenye kanga, akapiga tena.